Kura Moja Iliyotikisa Visiwa vya Pasifiki

Mwezi Septemba 2025 wakuu wa visiwa vya Pasifiki walikutana Honiara, mji mkuu wa Visiwa vya Solomon, na mwenyeji wao akafanya jambo lisilokuwa la kawaida. Waziri Mkuu Jeremiah Manele alitangaza kwamba mataifa rafiki, ambayo kila mwaka hutuma wajumbe kuzungumza na Baraza la Visiwa vya Pasifiki kando ya mkutano wa wakuu, hayataalikwa mwaka huo. Marekani haikualikwa, China haikualikwa, Taiwan haikualikwa. Wenye nyumba walitaka kuzungumza peke yao.

Wako waliosema kwamba hatua hiyo ilichukuliwa ili kukwepa ugomvi juu ya Taiwan. Wako pia waliosema kwamba ni busara ya mwenye nyumba ndogo, anayejua kuwa wageni wawili wanaochukiana hawawezi kulazwa chumba kimoja. Sisi twaona kwamba maelezo yote mawili yana ukweli ndani yake. Lakini chini ya maelezo hayo liko swali ambalo limelisumbua Baraza hilo tangu mwaka 2021: ni nani aliongoze, na kwa idhini ya nani?

Swali hilo lawahusu wasomaji wa ukurasa huu, yaani askari jeshi na askari polisi, kuliko inavyodhaniwa. Siku hizi askari huvuka mpaka mara nyingi si kwa amri ya serikali yake peke yake, bali chini ya mwavuli wa jumuiya ya nchi jirani. Askari wa Uganda waliotua Mogadishu mwezi Machi 2007 walikwenda na bendera ya Umoja wa Afrika, na bendera hiyo ndiyo iliyowatofautisha na mvamizi. Mwavuli wa namna hiyo hushonwa na wanasiasa katika vyumba vya mikutano. Ukichanika, wa kwanza kulowa ni askari aliyeko doria.

Kwanza tueleze Baraza hili ni kitu gani. Mwaka 1947 madola sita yaliyokuwa yakitawala katika bahari ile, yaani Uingereza, Ufaransa, Marekani, Uholanzi, Australia na Nyuzilandi, yaliunda Tume ya Pasifiki ya Kusini. Katika tume hiyo ziliweza kuzungumzwa habari za kilimo, uvuvi, elimu na magonjwa, lakini habari za siasa zilikatazwa. Mwaka 1966 Ufaransa ilianza kulipua mabomu ya nyuklia huko Moruroa, na wananchi wa visiwa vilivyo jirani hawakuwa na kikao hata kimoja ambamo wangeweza kusimama na kusema hapana. Ndipo viongozi wa nchi zilizokwisha kupata madaraka, akiwamo Ratu Kamisese Mara wa Fiji, walipoazimia kuwa na baraza lao wenyewe. Walikutana mara ya kwanza mjini Wellington mwezi Agosti 1971, nchi saba kwa jumla: Fiji, Tonga, Samoa ya Magharibi, Nauru, Visiwa vya Cook, pamoja na Australia na Nyuzilandi.

Leo wanachama ni 18, na makao makuu yako Suva, mji mkuu wa Fiji. Wanachama hao hawalingani hata kidogo. Australia ina watu zaidi ya milioni 25, na Niue ina watu wasiofika 2,000. Nauru yote ni kilometa za mraba 21. Hata hivyo, mwenye nchi ndogo si lazima awe mwenye bahari ndogo. Kiribati ina kilometa za mraba 811 tu za nchi kavu, lakini bahari iliyo chini ya mamlaka yake ni kiasi cha kilometa za mraba milioni tatu na nusu, nayo imejaa jodari ambao meli za mataifa makubwa hulipa fedha ili kuwavua. Katika nchi zote za visiwa zilizomo katika Baraza, ukiacha Australia na Nyuzilandi, ni tatu tu zenye majeshi: Fiji, Papua Guinea Mpya na Tonga. Kwingineko kote kazi ya ulinzi iko mikononi mwa polisi, ambao asubuhi huamua ugomvi wa sokoni na jioni hupanda meli ya doria kufukuzana na wezi wa samaki.

Wanyonge hawa, walipokuwa na sauti moja, walifanya mambo makubwa. Mwaka 1985 huko Rarotonga walitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku silaha za nyuklia katika sehemu yao ya bahari. Ufaransa iliendelea na majaribio yake mpaka mwanzo wa mwaka 1996, kisha ikakoma, na mwezi Machi mwaka huo huo ikatia sahihi itifaki za mkataba ule ule. Nchi ndogo hazikuwa na manowari wala ndege za kivita. Zilikuwa na umoja, na uvumilivu wa kusema neno lile lile mwaka hadi mwaka.

Umoja huo uliongozwa kwa desturi ambayo Ratu Mara aliiita Njia ya Pasifiki. Kwa desturi hiyo wakuu huketi, huzungumza kwa muda mrefu, hula pamoja, na hawainuki mpaka wakubaliane. Kura haipigwi, kwa maana kura huzaa mshindi na mshindwa, na mshindwa atarudi kwake kisiwani akiwa na kinyongo. Katika desturi hiyo hiyo yalikuwamo mapatano kwamba kazi ya Katibu Mkuu izunguke baina ya kanda tatu, yaani Melanesia, Polinesia na Mikronesia. Mapatano hayo hayakuandikwa popote.

Basi hapo ndipo palipozuka balaa. Mmikronesia wa mwisho kushika kazi ya Katibu Mkuu alikuwa Ieremia Tabai wa Kiribati, aliyeiacha mwaka 1998. Baada yake alikuja mtu wa Papua Guinea Mpya, akaja Mwaustralia, akaja Msamoa, kisha Bibi Meg Taylor, naye wa Papua Guinea Mpya. Ilipokaribia zamu ya kumpata mwingine, nchi tano za Mikronesia, yaani Palau, Visiwa vya Marshall, Shirikisho la Mikronesia, Kiribati na Nauru, zilisema sasa ni zamu yetu. Zilimtoa Gerald Zackios, balozi wa Visiwa vya Marshall nchini Marekani. Mwezi Oktoba 2020 zilitoa tamko lililoitwa la Mekreos, nazo hazikuficha kitu: ikiwa zamu yetu haitaheshimiwa, hatuoni faida ya kuendelea kukaa katika Baraza.

Onyo gani liwe wazi kuliko hilo? Hata hivyo wagombea wengine wanne walijitokeza, kutoka Visiwa vya Cook, Fiji, Tonga na Visiwa vya Solomon. Mwezi Februari 2021 wakuu wakaitana kuamua jambo hilo. Kwa sababu ya maradhi ya korona hawakukutana uso kwa uso. Kila mmoja alikaa nchini kwake mbele ya kioo cha kompyuta. Twaamini kwamba jambo hilo liliharibu mengi. Mtu aliye mbali huwezi kumshika mkono ukamvuta kando, wala huwezi kuona usoni mwake kwamba sasa amefika mwisho wa uvumilivu wake. Sisi wa Afrika Mashariki tunaijua hasara ya wakuu kutokuketi pamoja. Marais wa nchi zetu tatu hawakukutana tena katika kikao chao cha juu baada ya mapinduzi ya Kampala ya mwaka 1971, na mwaka 1977 Jumuiya yetu ya kwanza ikazikwa.

Mazungumzo yaliposhindikana, wakuu wa Pasifiki walipiga kura. Henry Puna, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Visiwa vya Cook, alipata kura 9. Zackios alipata 8.

Usiku ule ule, mjini Suva, maofisa wa uhamiaji na polisi wa Fiji walifika nyumbani kwa Profesa Pal Ahluwalia, mkuu wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, wakamchukua yeye na mkewe na kuwasafirisha nje ya nchi. Mkuu huyo alikuwa amefichua habari za matumizi mabaya ya fedha chuoni. Chuo hicho si mali ya Fiji peke yake. Ni mali ya nchi 12. Nauru, ambayo Rais wake wakati huo ndiye aliyekuwa akishika cheo cha juu cha heshima katika chuo hicho, iliona kwamba imepigwa makofi mawili kwa siku moja. Palau ilikuwa ya kwanza kutangaza kwamba inajitoa, na kwamba itafunga ubalozi wake ulioko Suva. Siku chache baadaye nchi zote tano zilitangaza kuanza safari ya kutoka, safari ambayo kwa kanuni za Baraza huchukua mwaka mmoja.

Maoni yetu ni haya. Bwana Puna hakumwibia mtu kitu. Alichaguliwa kwa kura, naye akakubali kazi aliyopewa. Wala hatuwasifu Wamikronesia kwa kila walilofanya, maana kutishia kuondoka kabla ya mazungumzo kuanza ni kuweka bunduki juu ya meza na kisha kuwaambia wenzako karibuni tujadiliane. Lakini kosa kubwa ni la wale waliodhani kwamba wingi unatosha. Kura 9 kwa 8 ni ushindi kamili katika bunge, ambamo mshindwa hana pa kwenda, naye hungoja uchaguzi ujao. Katika jumuiya ya nchi huru mshindwa ana pa kwenda. Ana nchi yake, ana bendera yake, na siku hizi ana marafiki matajiri wanaongoja nje ya mlango. Nchi zilizotoka zilikuwa tano katika 18, lakini ukihesabu bahari na jodari waliomo, zilikuwa sehemu kubwa mno ya nyumba.

Sasa tuje kwenye habari za askari, kwa sababu ndizo zinazoonyesha nini hasa kilikuwa hatarini.

Kati ya mwaka 1998 na 2003 Visiwa vya Solomon viliteketea kwa vita baina ya vikundi vya watu wa Guadalcanal na watu wa Malaita. Mwezi Juni 2000 wenye silaha wa Malaita walimkamata Waziri Mkuu Bartholomew Ulufa'alu na kumlazimisha aachie madaraka. Bunduki walizipata wapi? Walizipata katika ghala ya polisi, kwa msaada wa baadhi ya askari waliokuwa wameapa kuilinda ghala hiyo. Tangu siku hiyo hapakuwa na polisi, palikuwa na makundi mawili yenye sare. Hazina ya serikali ilikwisha, na mawaziri walitishwa kwa mtutu ili watie sahihi hundi.

Mwezi Oktoba 2000 wakuu wa Baraza walikutana Kiribati wakatoa Azimio la Biketawa, ambalo kwa mara ya kwanza liliwapa njia ya kumsaidia mwenzao aliyepatwa na msukosuko wa ndani. Miaka mitatu baadaye azimio hilo lilipata kazi. Waziri Mkuu Allan Kemakeza aliomba msaada, bunge la nchi yake likapitisha sheria ya kuukubali msaada huo, na Baraza likaupa baraka. Tarehe 24 Julai 2003 kikosi kilichojulikana kwa jina la RAMSI kikatua Honiara kikiwa na watu zaidi ya 2,000.

Wasomaji wetu watazame jinsi kikosi hicho kilivyopangwa. Mkuu wa msafara alikuwa raia. Kazi yenyewe iliongozwa na polisi. Wanajeshi walikuwa nyuma yao, wakionekana lakini hawakutangulia. Australia ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya fedha na watu, lakini ndani ya kikosi walikuwamo Wafiji, Watonga, Wasamoa, watu wa Papua Guinea Mpya, watu wa Kiribati na wa Vanuatu. Mwanakijiji wa Guadalcanal alipofungua mlango asubuhi hakumkuta mzungu peke yake. Alimkuta pia mtu wa rangi yake, anayejua maana ya mzee wa kijiji, anayejua kwamba huingii katika ua wa watu bila kubisha hodi. Bunduki zaidi ya 3,000 zilikusanywa na kuharibiwa. Harold Keke, kiongozi wa waasi aliyeogopwa kuliko wote, alijisalimisha mwezi Agosti 2003, kabla mwezi mmoja haujatimia tangu kikosi kutua.

Hatusemi kwamba kila jambo lilikwenda sawa. Mwezi Desemba 2004 askari polisi mmoja wa Australia alipigwa risasi na kufa akiwa doria mjini Honiara. Mwezi Aprili 2006, kikosi kikiwa bado kipo, wenye ghasia walichoma maduka ya Wachina. Lakini kikosi kilibaki mpaka tarehe 30 Juni 2017, miaka kumi na minne karibu, kikaondoka kwa amani, na bunge la Solomon lilikuwa na uwezo wa kuitazama upya sheria ile kila mwaka. Ni vikosi vichache vya kigeni duniani vinavyoweza kusimuliwa hivyo.

Miaka minne baadaye moto uliwaka tena. Mwezi Novemba 2021 wenye ghasia walishambulia bunge la Honiara, wakachoma mtaa wa Wachina. Australia ilituma polisi na askari kwa mapatano yake yenyewe na Solomon ya mwaka 2017. Papua Guinea Mpya, Fiji na Nyuzilandi nazo zikatuma watu wao. Majirani walikuja, nao walituliza ghasia, hilo twalisifu. Lakini Baraza lenyewe wakati huo lilikuwa limegawanyika vipande viwili, na wanachama watano walikuwa mguu mmoja ndani na mwingine nje. Mwezi Aprili 2022 serikali ya Manasseh Sogavare ikatia sahihi mapatano ya usalama na China, ambayo kwa rasimu iliyovuja yangeiruhusu Solomon kuomba polisi na wanajeshi wa China. Nchi huru ina haki ya kuchagua marafiki, wala si kazi yetu kuichagulia. Tunaloona ni kwamba jambo ambalo mwaka 2003 lilijadiliwa na nyumba nzima, mwaka 2022 majirani walilisoma katika karatasi zilizovuja.

Katika kuuponya mpasuko huo walitokea watu wawili ambao historia yao ni ya ajabu, na askari yeyote atapenda kuijua.

Wa kwanza ni Komodori Frank Bainimarama. Tarehe 5 Desemba 2006, akiwa mkuu wa majeshi ya Fiji, aliipindua serikali. Baraza lilimtaka aitishe uchaguzi. Alipokaidi, mwezi Mei 2009 Fiji ikasimamishwa uanachama, adhabu ambayo haijawahi kumpata mwanachama mwingine kabla yake, na ilhali makao makuu ya Baraza yako katika mji wake mkuu! Yeye akajibu kwa kuunda baraza jingine mwaka 2013, ambalo Australia na Nyuzilandi hazikuwamo. Uchaguzi ulifanyika mwezi Septemba 2014, na adhabu ikaondolewa mwezi uliofuata. Mtu huyu huyu, mwezi Agosti 2021, alipopokea uenyekiti wa Baraza, ndiye aliyewaomba radhi Wamikronesia hadharani kwa jinsi walivyotendewa. Hatusemi kwamba kwa hilo madeni yake yote yalilipwa. Mwezi Mei 2024 Mahakama Kuu ya Fiji ilimhukumu kifungo cha mwaka mmoja kwa kupotosha mwendo wa haki, kwa kuwa alizuia upelelezi wa polisi juu ya mambo ya chuo kikuu kile tulichokitaja. Aliyekuwa Kamishna wa Polisi, Sitiveni Qiliho, alihukumiwa miaka miwili. Maofisa wa polisi wanaosoma ukurasa huu wataona wenyewe kwamba adhabu ya aliyeitii amri isiyo halali ilikuwa ndefu kuliko ya aliyeitoa.

Wa pili ni Sitiveni Rabuka. Mwaka 1987, akiwa luteni kanali, aliipindua serikali ya Fiji mara mbili, mwezi Mei na tena mwezi Septemba. Mwezi Desemba 2022, akiwa mzee na mwanasiasa wa kiraia, aligombea dhidi ya Bainimarama. Hesabu ya kura ilipoingia mashaka alimwandikia mkuu wa majeshi, Meja Jenerali Jone Kalouniwai, akimtaka aingilie kati. Jenerali alikataa, akasema mambo hayo yana njia yake ya kisheria. Askari walibaki kambini, kura zikahesabiwa, na baada ya siku chache Rabuka akawa Waziri Mkuu kwa njia hiyo hiyo ya sheria.

Kazi iliyomngoja ilikuwa Kiribati. Mwezi Juni 2022 baadhi ya wakuu walikuwa wamekutana Suva na kupatana. Mapatano hayo yalisema Bwana Puna aondoke katikati ya mwaka 2024, kazi yake ishikwe na Mmikronesia, zamu za kanda ziandikwe na ziwe kanuni, ofisi ndogo ya Baraza ijengwe Mikronesia, na Kamishna wa Bahari ya Pasifiki naye awe huko. Kwa maneno mengine, lile ambalo halikuandikwa sasa likaandikwa. Nchi nne ziliridhika. Rais Taneti Maamau wa Kiribati hakuridhika. Alisema hakushirikishwa, na kwamba mkutano wa wakuu ulikuwa umepangwa siku zile zile za sikukuu ya uhuru wa nchi yake, tarehe 12 Julai. Mkutano ulipokaribia kufunguliwa, barua yake ya kujitoa ikatangazwa.

Yako magazeti yaliyoandika mara moja kwamba China ndiyo iliyomtuma. Sisi hatuna ushahidi wa hilo, na twaona ni dharau kudhani kwamba mtu wa nchi ndogo hawezi kukasirika kwa akili yake mwenyewe. Rabuka hakutafuta wa kulaumiwa. Mwezi Januari 2023, katika majuma ya kwanza ya uongozi wake, alipanda ndege mpaka Tarawa, akaomba radhi kwa kufuata mila za Fiji. Hakuwa yeye aliyekosa. Alikuwa nje ya serikali wakati ule. Lakini alikwenda, tena kwa miguu yake. Mwisho wa mwezi huo Kiribati ikatangaza kwamba inarudi, na tarehe 24 Februari wakuu wote waliketi tena pamoja mjini Nadi. Safari moja ya kuonana ana kwa ana iliponya jeraha lililokuwa na umri wa miaka miwili.

Mambo yalirudi mahali pake, ingawa si bila kelele. Nauru, ambayo zamu yake ilikuwa imefika, ilimtoa Baron Waqa, aliyekuwa Rais wake. Wengine walinung'unika, wakikumbuka jinsi serikali yake ilivyowatendea wapinzani na majaji. Katika mkutano wa Visiwa vya Cook mwezi Novemba 2023 habari hiyo ilipoguswa, ujumbe wa Nauru uliinuka na kutoka nje. Mwishowe Waqa alithibitishwa, naye akaanza kazi katikati ya mwaka 2024. Twakiri kwamba utaratibu wa zamu una ubaya wake: hauulizi nani anafaa zaidi, huuliza ni zamu ya nani. Baraza limechagua kuilipa gharama hiyo, baada ya kujua gharama ya ile nyingine.

Lakini Katibu Mkuu, hata awe wa kanda gani, amepata kiti chenye miiba. Mwezi Agosti 2024 wakuu walikutana Nuku'alofa, Tonga. Taarifa yao ya mwisho ilipotolewa ilikuwa na ibara iliyoitaja Taiwan na nafasi yake tangu mapatano ya mwaka 1992. Mjumbe wa China alikasirika. Taarifa ikaondolewa, na iliporudi, ibara ile haikuwamo. Palau, Tuvalu na Visiwa vya Marshall zina uhusiano wa kibalozi na Taiwan. Wengine wote waliobaki wako na Beijing au hawana haja na Taiwan. Watumishi wa Baraza walisema ni makosa ya kiofisi. Iwe hivyo. Hata hivyo mtu wa nje alionekana akinyoosha kidole, na karatasi ya wakuu 18 ikabadilika. Ukiyakumbuka hayo, uamuzi wa Manele wa kufunga mlango mwaka uliofuata hauwi wa ajabu tena.

Katika mkutano huo huo wa Tonga wakuu walikubali mpango wa polisi wa Pasifiki, nao ndio utakaowagusa askari wa kule kwa muda mrefu. Vyuo vya mafunzo hadi vinne vitawekwa katika visiwa, kituo cha kuratibu kitakuwa Brisbane, na kutakuwa na kikosi cha polisi wa nchi mbalimbali kilicho tayari kwenda panapotokea maafa au panapofanyika mikutano mikubwa. Australia iliahidi kiasi cha dola zake milioni 400 kwa miaka mitano. Ni mpango mzuri. Polisi aliyefunzwa pamoja na mwenzake hawezi kumwona adui. Lakini Waziri Mkuu wa Vanuatu, Charlot Salwai, alionya pale pale kwamba mpango huo sharti utumikie haja za Pasifiki, usigeuzwe kuwa chombo cha taifa kubwa kulizuia taifa kubwa jingine. Onyo hilo lilikuwa la haki. Fedha ni za Australia, kituo kiko Australia, na anayelipa ngoma ana mazoea ya kutaka kuchagua wimbo. Mwaka 2003 uwiano ulikuwa huo huo, lakini Solomon ilikuwa na sheria yake ya kupima kazi ya wageni, na Baraza lilikuwa zima. Mpango mpya utahitaji vitu hivyo viwili kabla askari wake wa kwanza hajavaa sare, na kitu cha pili kinategemea kama wakuu watazitimiza ahadi za Suva hata pale zitakapowachoma.

Kwa sasa ahadi hizo zimeanza kutimizwa. Kamishna wa Bahari ni Mmikronesia, ofisi yake imepangiwa Palau, na ofisi ndogo ya Baraza imepangiwa Kiribati. Palau pia ndiyo iliyopangiwa mkutano wa wakuu wa mwaka 2026. Ni nchi ile ile iliyotangulia kutoka mwaka 2021, na ni mojawapo ya zile tatu zenye ubalozi wa Taiwan. Haina jeshi. Ulinzi wake uko kwa Marekani kwa mkataba, na doria ya bahari yake hufanywa na polisi wake wenyewe katika meli walizopewa na Australia na Japani. Huko ndiko wakuu 18 walikopangiwa kuketi, na Palau, ikiwa mwenyeji, ndiyo itakayopanga viti.